Anga la Sikonge

Nina anga moja la bluu nililolipiga picha Sikonge, siku nilipokwenda kuwapiga picha warina asali baada ya mvua. Anga safi, na vijiwingu vitatu upande wa kushoto. Hilo nimelipachika kwenye picha zangu, juu ya nusu ya majengo ya zamani ya Tabora: stesheni, maghala, nyumba za udongo zenye milango ya nakshi. Watu wa Dar wanaozisifu picha zangu mtandaoni hawajawahi kugundua kwamba mji mzima una vijiwingu vilevile. Nami nilivimba kichwa, nikajiona fundi.

Mwisho wa kiangazi, watu wakishaanza kuchoma mashamba, anga letu huwa na rangi ya majivu. Siku moja ya namna hiyo niliipiga picha nyumba tuliyopanga tangu utoto wangu, kwa sababu mwenye nyumba alishatuambia ataibomoa. Mama alikuwa uani, anachemsha viazi vitamu vya kuanika, tupate matobolwa ya akiba. Nilimwomba aje asimame barazani. Hakupenda kamera hata siku moja.

"Piga nyumba tu, mwanangu," alinijibu kutoka huko nyuma. "Mimi nipo huku."

Nikapiga. Jioni nikaweka anga la Sikonge, kisha nikaifuta picha ya awali maana simu ilikuwa imejaa. Ndivyo nilivyozoea: nzuri inabaki, mbaya inafutwa.

Nyumba ilibomolewa kabla ya mvua. Mvua zilipokuwa zinaisha, mama akafariki.

Baada ya matanga, baba alihamia kwa dada yangu anayeishi Kigwa, na kitu pekee alichoniomba ni picha ya ile nyumba. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikampelekea mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ameshaipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza dirishani. Kidole chake kikapita juu ya paa, kikarudi, kikapita tena.

"Moshi uko wapi?"

Miaka yote tuliyoishi pale, baba alipokuwa akirudi kutoka kazini aliuona moshi wa mama tangu kwenye kona, ukipanda nyuma ya paa, akajua mkewe yupo. Siku ile pia ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba, umeinamia kulia, na mimi niliuondoa pamoja na anga, kwa sababu machoni pangu ulikuwa uchafu. Ndicho kitu pekee cha mama kilichowahi kuingia kwenye kamera yangu.

Nikamweleza yote. Nikasema pia, kwa aibu, kwamba kuna namna ya kuchora moshi mwingine pale pale. Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliiangalia nyumba yetu chini ya bluu ile ya watu wengine, kisha akanirudishia fremu.

"Kwa hiyo siku hii," akasema, "kwetu hakukupikwa."