Sauti ya Maji Kutoka Muyinga

Ule ulikuwa mwaka wa kula lengalenga bila chumvi. Sukari tulishaisahau, lakini chumvi! Mboga bila chumvi ni kutafuna majani kama mbuzi. Vita vilikuwa vimebana barabara, mi niko Gitega, binti yangu yuko Muyinga, anatangaza redioni. Wajukuu zangu, mjue: katika ukoo wetu wa mafundi cherehani hakukuwahi kutokea mtu wa namna ile. Mi shule iliniishia darasa la pili, lakini nilizaa mtu aliyesikilizwa na gavana. Naandika hivyo hivyo, sioni haya.

Kazi yake ilikuwa maji. Kule Butihinda, huko huko Muyinga, wakubwa walipanda mikaratusi juu ya chemchemi, na mkaratusi unakunywa kama mlevi wa harusini. Basi yeye aliirekodi ile chemchemi ikitiririka. Baada ya miezi akarudi, akarekodi tena. Redioni aliziweka sauti zote mbili pamoja, ya zamani nene, ya sasa nyembamba, bila kusema neno. Mtaa mzima ulisikia maji yakikonda. Mi nilibandika sikio nikitafuta kikohozi chake tu.

Idi ilipokaribia nikapanda lori la mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge, nikamfuata binti yangu. Nilimkuta pale kwenye chemchemi, kapanga foleni na bidoni yake ya kuchotea maji kama wenzake, kinasa sauti shingoni. Nikamkumbatia. Mifupa mitupu!

"Twende nyumbani, mwanangu. Nimekuja kukuchukua."

"Mi siji, mama. Ile miti haijakatwa bado."

Wanawake wa foleni wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "We mama, chukua maji, mtangazaji tuachie! Akiondoka, nani atawasumbua wale mabwana?"

"We hujazaa wako?"

"Ninao nyumba nzima."

"Basi nipe mmoja, tubadilishane!"

Hata binti yangu alicheka. Kisha akainama kukinga maji, nayo yalikuwa uzi tu. Nikamshika mkono. Nikamwambia kila Idi nampakulia sahani yake, na kila Idi naifunika hadi wali unapoa, halafu naula mwenyewe jikoni nimesimama. Akatazama chini. Kidevu kilimtetemeka, nikajua nimempata. Kule barabarani lori likapiga honi.

"Twende, mwanangu."

"Mi siji, mama. Ile miti haijakatwa bado."