Nilimzika Mtani kwa Adabu

Waliorusha lile bomu siwajui kwa sura wala kwa jina. Kaka yangu alikuwa daktari wa jeshi. Alipelekwa nchi jirani na kikosi cha kulinda amani, na bomu likamkuta ndani ya hema la matibabu akimshona mguu mwasi mmoja, mmoja wa wale waliokuwa wakipigana nao. Waliomuua nisingewafikia hata kama ningeishi miaka mia. Basi hasira yangu ikamwendea mtu niliyeweza kumfikia, na sioni haya kulisema hilo.

Mtu huyo alikuwa mtani wetu, Mhehe, mvuvi wa bwawa la Mtera. Baba alifanya kazi pale bwawani ujanani mwake, wakaanza kutukanana kama Mgogo na Mhehe wanavyotakiwa kutukanana, mwisho wakashibana kuliko ndugu. Baba alipofariki, mzee yule alivaa kofia ya marehemu, akajilaza mlangoni, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

Lakini baba alikuwa amekula chumvi nyingi. Kaka alikuwa bado kijana.

Jeneza lake liliwekwa uani kwetu likiwa limefunikwa bendera, askari wamekakamaa pande zote. Mara mzee akatoka ndani amevaa koti jeupe la kaka, na shingoni ametundika kile kipimo chake cha kusikilizia moyo. Akatembea kama kaka alivyokuwa akitembea, mikono nyuma, shingo mbele, kama mtu aliyeangusha sindano. Akainama, akaweka kipimo juu ya bendera, akasikiliza.

"Mzima huyu!" akasema. "Mvivu tu!"

Watu wakaanza kucheka. Akawageukia. "Wagogo, kuomba hamkomi! Huyu kaenda kuomba mpaka vitani, wakampa bomu!"

Ua mzima uliangua kicheko. Askari mmoja aliuma mdomo. Mama, mama yangu mzazi, alicheka huku akijifuta machozi kwa kanga. Mimi nilimkazia macho yule mzee nikajiapiza: utakufa, nami nitakuja.

Miaka iliyofuata aliendelea kumletea mama samaki wakavu. Nilimsongea ugali, nikamnawisha mikono, huku nikiliwaza jeneza lake. Nilimwandalia matusi ya kutosha. Nikipogoa mizabibu shambani, nilikuwa natunga: mguu wake uliokuwa ukichechemea, kofia yake nyekundu ya sufu isiyofuliwa, mbwa wote wa kijiji watakaopumua kwa vile Mhehe, mlaji wao, ameondoka. Mengine yalinichekesha peke yangu, na kicheko kile hakikuwa kizuri.

Mwaka huu mkewe akapiga simu. "Mtani, mwenzenu amelala. Njoo umsindikize." Mama magoti hayamruhusu tena safari, nikaenda peke yangu.

Nilikuwa ndani ya basi, tumeshaanza kuteremka kuelekea bwawani, nilipouona ujinga wangu. Matusi yale yote yalikuwa zawadi. Nikimtukana vizuri, watu wangecheka, wangesema mzee amezikwa na mtani wake, amezikwa kama mtu. Ningekuwa nimempamba! Nikaliwaza hilo mpaka kituoni, na niliposhuka nilikuwa nimeshajua la kufanya.

Walikuwa wameniandalia kila kitu. Kofia nyekundu, fimbo na koti lake la kuvulia vilipangwa juu ya mkeka, vinanisubiri. Waliponiona, watoto walikimbilia mbele ili wasipitwe.

Nikampigia mjane goti. "Shikamoo, mama. Poleni sana kwa msiba. Mungu awatie nguvu."

Alisubiri, akidhani utani unakuja nyuma ya maneno yale. Nikaenda kukaa na wanawake wengine, nikatulia kama mgeni. Walipolibeba jeneza hakuna aliyeziba mlango. Mjane akanisogelea, akanishika mkono. "Mtani, sema neno basi. Hata moja. Mtukane."

"Alikuwa mtu mzuri sana," nikamwambia.

Akauachia mkono wangu. Alinielewa. Mzee yule alishushwa kaburini kimya kabisa, kama mpita njia aliyefia barabarani, na moyo wangu ukaburudika kwa mara ya kwanza tangu ile bendera iingie uani kwetu.

Niliporudi nyumbani, mama alikuwa anachambua karanga. "Umewachekesha?" akauliza.

"Hapana. Niliwapa pole nikakaa."

Akaacha karanga. Alinitazama, nikajua ameelewa.

"Siku ile mtani alipovaa lile koti," akasema, "nilimwona mwanangu anatoka pale mlangoni. Mikono nyuma, vilevile. Nilijua ni mtani, lakini nilimwona. Ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona anatembea. Wewe ulikuwa umekunja uso, hukuona kitu."

Nilikaa chini nikavuta ungo, tukachambua pamoja. Nilikuwa naiona ile kofia nyekundu juu ya mkeka, na mjane anaitazama, halafu ananitazama mimi. Yeye naye alitaka kumwona mumewe akichechemea kutoka mlangoni, mara moja tu. Ni mimi peke yangu niliyeweza kumpa hilo, na sikumpa.