Maji yalijaa kihambani kwetu, baba akaitwa mwizi

Admin, nifichie jina, huku kwetu wote tunajuana. Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi za kompyuta Moshi mjini. Mchumba wangu ni wa fani hiyohiyo, na posa yake imeshapokelewa nyumbani.

Baba ni mwenyekiti wa mfongo, mfereji tunaogawana maji yake kwa zamu. Ndiye aliyewasihi wazee wakubali malango ya mfereji yaendeshwe na kifaa cha mchumba wangu. Kakiandikia programu kwa lugha ya C, na humo ana makro moja: unaipa kipande cha programu, inafungua lango, inabandika kile kipande hapo katikati, kisha inafunga lango. Kwenye kipande cha kihamba chetu, yaani shamba letu la migomba, akaongeza, kwa wema tu, kwamba udongo ukilowa, return, yaani ishia hapo, ili maji yawahi kwenda kwa wengine. Akasahau kuwa kipande kikishabandikwa, return inakatisha kazi yote, amri ya kufunga haifikiwi. Tenda wema nenda zako, ila huyu wangu angefunga lango kwanza. Kompyuta haikulalamika, na siku ya majaribio udongo ulikuwa mkavu.

Zamu yetu ikaangukia tukiwa msibani Sanya Juu, na funguo za kufuli la lango anazo baba, hivyo hakuna aliyeweza kulifunga. Tuliporudi migomba inaogelea, miche ya majirani wa chini imenyauka.

Mzee mmoja akamwambia baba mbele yetu, "Umejipendelea, Mwenyekiti." Wameamua Jumamosi apeleke jani la isale kuomba msamaha. Akilipeleka, amekiri wizi. Asipopeleka, tunatolewa kwenye mfongo.

Mimi ndiye niliyeisoma programu nikaona kosa. Mchumba wangu akalia. "Ukinitaja watasema mimi na baba yako tulipanga. Hakuna harusi tena hapo." Nampenda, na inaniuma kwamba huenda ni kweli.

Nikamwambia baba kifaa ndicho kilichokosea. Akanitazama. "Kifaa kimetengenezwa na mtu, mwanangu. Nani alikosea?"

Nikasema sijui.

Asubuhi hii ameniomba nimpigie pasi koti lake la Jumamosi, nami nimelipiga huku nalia. Ndugu zangu, kichwa kimegoma. Nimtaje mwenzangu, au nimwache baba aende na lile jani?