Mayai Yaliyopita Kwenye Vidole vya Bibi

Pumba za uwele zikilala majini usiku kucha hutoa harufu ya uchachu, kama togwa iliyosahauliwa kwenye kibuyu, na mwaka wa kwanza tuliohamia kijijini harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwetu wakati wa Operesheni ya kukusanya watu katika vijiji vya ujamaa, tukashushwa na lori mahali palipopimwa kwa kamba, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Kutoka hapo hadi Iguguno ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Tulikuja na vyungu, jiwe la kusagia, na kuku saba ndani ya tenga, wakiwa wamenyeana njia nzima. Kule kwetu kuku walijitafutia wenyewe, wakirudi jioni kwa hiari yao. Huku shamba la ujamaa lilianzia nyuma ya nyumba, na amri ikatoka kwamba kuku wote wafungiwe mpaka mavuno. Kuku aliyekamatwa kwenye uwele wa kijiji alipelekwa ofisini na hakurudi, wala hakuna aliyethubutu kuuliza nani alikula paja. Kwa hiyo kuku wetu wakawa wafungwa, na mimi, Eliwaza, mtoto wa miaka tisa, nikawa mkuu wa gereza lao.

Kazi hiyo niliipenda, nisiseme uongo. Asubuhi niliwapa pumba, mchana nikawatupia majani ya mchicha na ndago, na jioni nikaenda kwenye kichuguu nilikokuwa nimetega mchwa. Mtego wenyewe ni rahisi: unajaza chungu kilichopasuka kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, unakinyunyizia maji, unakilaza kifudifudi juu ya tundu la mchwa. Siku ya pili ukikiinua unakuta mchwa wamejaa, weupe, wanene, wanakimbia huku na huku. Kuku wakiniona na chungu kile walipandiana migongoni. Nilijua nani anataga asubuhi na nani anachelewa mpaka jua la saa nane, nani anataga yai la kahawia na nani jeupe, na niliweza kutofautisha yai la mmoja na la mwenzake macho yakiwa yamefumbwa. Mayai yetu yalikuwa makubwa kwa kuku wa kienyeji. Nilijisifu kwa watoto wa majirani mpaka wakanichoka.

Mama alikuwa na mimba. Hiyo haikuwa mimba ya kawaida nyumbani kwetu, kwa sababu kabla yake, kule tulikotoka, mama alikuwa amekaa siku mbili na uchungu wa mtoto aliyegoma kutoka. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemzalisha. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye mabega kama ya mtoto wa miezi mitatu, na alitoka amekufa. Nilikuwa nje ukutani nikisikia. Tangu siku ile mama alitembea taratibu, akishika kiuno, na bibi alipomwona akiinama aligeuza macho pembeni. Baba alikuwa Shelui akitafuta kibarua cha kupakia magunia, kwa hiyo nyumba ilibaki na sisi wanawake watatu, na sote tulikuwa na ombi moja tu: safari hii mtoto atoke, na mama abaki.

Nesi wa zahanati alikuja kutupima nyumba kwa nyumba. Akamfunua mama jicho, akamminya kucha, akasema damu ni chache. "Mama, kula mayai. Hata moja kwa siku," alisema. Bibi alikuwa mlangoni akipepeta. Kwetu wakati ule mwanamke mwenye mimba hakula yai, wala mtoto wa kike hakula, na mimi niliyewalisha kuku wale nilikuwa sijui yai lina ladha gani. Bibi aliweka ungo chini. "Yai kubwa linakuza mtoto," alisema. "Yule aliyepita nilimtoa kwa mikono hii. Simtoi mwingine wa namna ile." Nesi, ambaye alikuwa msichana wa watu mwenye heshima, alimjibu kwa upole: "Bibi, yai haliendi kwa mtoto likiwa zima." Bibi akamuuliza yeye amezaa wangapi. Nesi alikuwa hajazaa hata mmoja.

Lakini bibi hakuwa mtu mbaya, na maneno ya nesi yalimkaa. Baada ya siku tatu alitoa hukumu yake. Mama atakula mayai, ila madogo tu. Alikunja kidole gumba na cha shahada vikagusana, akanionyesha duara: yai litakalopita hapo bila kukwama ni la mama, na litakalokwama litakwenda kwa madereva wa malori barabarani likatuletee chumvi. Kila asubuhi nilimpelekea mayai, akayapitisha moja moja kwenye vidole vile vilivyopinda kwa kusaga, kwa makini, kana kwamba anapima dawa. Yalikwama yote. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Mama alikaa kwenye kigoda akitazama, halafu akaendelea na uji wake. Mayai yangu makubwa niliyojivunia yalipanda malori.

Hapo ndipo akili yangu ya miaka tisa ilipofanya hesabu yake. Nilijua kwamba ng'ombe akikosa majani anakonda, na mtu akikosa ugali anakonda. Basi kuku naye akipunguziwa chakula, yai litakonda. Niliona ni jambo la wazi kiasi kwamba nilishangaa wakubwa hawakuliona. Sikumwambia mtu. Niliacha kwanza mchwa. Kisha nikapunguza pumba, konzi mbili zikawa moja, moja ikawa nusu. Pumba zilizobaki bibi aliziona, akanisifu kwamba ninajua kubana, akawa anazichanganya kwenye uji wetu, maana mvua ilikuwa imekata na ghala lilikuwa limeanza kutoa mwangwi. Kuku walinifuata wakigonga miguu yangu kwa midomo. Nilikuwa nawaambia wavumilie kidogo, mama akishazaa nitawarudishia kila kitu.

Siku ya tisa nilipata yai dogo. Lilikuwa dogo kweli, kama la kanga, na lilipita kwenye vidole vya bibi likaanguka kwenye kiganja cha mkono wake mwingine. Bibi alicheka. Mama alilichemsha na kulila polepole, akilimega vipande kwa vidole, na mimi nikasimama mlangoni nikiona kwamba nimemwokoa. Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu. Sasa najua kwamba yai lile lilikuwa la kuku mchanga aliyekuwa anaanza kutaga, na lingekuwa dogo hata ningemlisha nini. Wakati ule niliona dawa yangu imefanya kazi, kwa hiyo nikaongeza dawa. Nilipunguza zaidi.

Mayai yakakoma. Kwanza kwa kuku wakubwa, kisha kwa yule mchanga, na katika wiki mbili hapakuwa na yai kubwa wala dogo katika kibanda kizima. Nilipoelewa nilichofanya nilitaka kurudisha chakula, lakini pumba tulikuwa tumezila sisi. Uwele wa kijiji uliungua na jua kabla ya kutoa masuke, na serikali ikaanza kugawa unga wa mahindi ya njano, uliokuja umekwisha kusagwa, hauna pumba ya kumpa kuku. Majani nayo yalikuwa yamekauka, na amri ya kuwafungia kuku haikuondolewa. Nilikwenda kwenye kichuguu na chungu changu. Ardhi ilikuwa kavu na mchwa walikuwa wamezama chini kabisa. Nilikikuta chungu kitupu siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na nikawa nakaa pale nikilia kwa sababu nyumbani nisingeweza kulia bila kuulizwa sababu. Mama aliuliza mara moja tu, "Eliwaza, kuku wana nini?" Nikasema ni ukame. Kuku wawili walikufa, na waliobaki bibi aliwachinja kabla hawajafa wenyewe.

Mama alijifungua mwezi wa sita, wakati wa upepo wa baridi. Uchungu ulianza asubuhi na kabla ya jua la mchana mtoto alikuwa ametoka. Alikuwa wa kike, mdogo sana, na alitoka bila shida kama bibi alivyotaka. Bibi alitoka nje akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tuhamishwe, akawaambia majirani kwamba yai dogo limeleta mtoto mdogo. Hakuna aliyembishia, maana mama alikuwa hai na mtoto alikuwa hai. Lakini maziwa hayakuja. Mama alikuwa amekauka, ngozi ya uso wake ikiwa na rangi ya majivu, na mtoto alinyonya akachoka, akalia kwa sauti ndogo, kisha akawa halii. Siku ya nane tulimzika. Jina hakuwa amepewa bado, na mama hakupata mimba tena.

Leo nafuga kuku wa mayai mjini Singida, mia mbili, wanaokula chakula cha mifuko. Bwana mifugo alitufundisha kwamba kuku akinyimwa chakula huanza kwa kuacha kutaga, na kwamba ukubwa wa yai hutokana zaidi na umri na aina ya kuku. Aliyasema hayo kwa dakika mbili, akaendelea na chanjo. Mkwe wangu ana mimba na anakula mayai mawili kila asubuhi, mara nyingine anabakiza kiini kwa sababu ameshiba, na hakuna anayeuliza yana ukubwa gani. Nafurahi, lakini furaha hiyo haifiki mbali.

Mama aliishi kwangu miaka yake ya mwisho. Alipenda kukaa kwenye benchi karibu na banda, na kila mgeni aliyekuja kununua trei alisimuliwa habari za mwaka ule wa njaa: jinsi kuku wetu walivyokufa kwa ukame, na jinsi binti yake, mdogo vile, hakukosa hata siku moja kuwalisha ili mama yake apate yai. Alisimulia akinishika mkono. Sikumkatiza hata mara moja. Tulimzika mwaka juzi, na alikwenda akiamini hivyo.