Kisanduku cha Diski Mbili

Daktari wa macho alitupa habari ile huku akiandika, bila kuinua kichwa. Presha ya macho ilikuwa imeshakula pembeni mwa uoni wa mama, na kile kidogo kilichobaki katikati kingeweza kukaa mwaka mzima au kuondoka kabla ya Krismasi. "Kama kuna kitu anataka kuona," akasema, "muonyesheni sasa, na kiwe kikubwa."

Nilijua ni kitu gani. Tangu baba afariki, mama alikuwa ametoka Butere akaja kukaa kwangu hapa Kakamega, na alikuwa akiiulizia filamu ya siku walipobariki ndoa yao kanisani, wakiwa tayari na wajukuu. Hakuwahi kuitazama. Kwanza kulikuwa na matanga, kisha hakuwa na moyo, na moyo ulipomrudia, macho nayo yakaanza kumwacha. Filamu ilikuwa kwenye diski moja ya nje niliyopewa na mpiga picha, saa tatu za HD, safi kiasi cha kuhesabu mvi za baba. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Na diski hiyo ilikuwa imeanza kugonga. Ukiichomeka kwenye laptop inalia ta, ta, ta, halafu inakubali.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Nafundisha hesabu, na mlango wa nyumba nikiufunga narudi kuutikisa mara tatu. Kwa hiyo nilipanga mambo vizuri. Televisheni yetu ni ya zamani, lakini watoto wameiunganisha na mashine yao ya gemu, na mashine hiyo inaweza kuchukua video kutoka kwenye kisanduku cha diski kilichofungwa kwenye ruta ya intaneti. Ningenakili filamu mara moja tu, ile diski mgonjwa ipumzike, na mama aketi mbele ya kioo kikubwa.

Fundi wa mjini, mtu mzima aliyesomea ufundi chuo cha Sigalagala, aliniwekea kisanduku mezani. "Hii ya diski moja itakutosha, mwalimu. Jioni mama anatazama."

"Na diski ikifa?"

"Kila kitu inakufanga. Kama unaogopa, kuna ya diski mbili. Inaandika kila kitu mara mbili, moja ikienda ingine inabaki. Lakini hiyo ni mpaka niagize Nairobi."

Nikasema nitafikiria. Kufikiria kulichukua wiki tano. Nilijaza kurasa za daftari: kama mashine ya gemu itaikubali filamu ya aina ile, kama waya ni afadhali kuliko hewani, kama kisanduku kitavumilia umeme wetu huu wa kwenda na kurudi. Mke wangu alinisikiliza hadi akachoka.

"Baba watoto, si uunganishe laptop na TV kwa waya, mama aone?"

Nikamwambia laptop imezeeka, picha ya HD inakwama kwama. Nilitaka mama amwone baba bila kukwama hata mara moja.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema, akarudi jikoni. Nilimnunia siku nzima.

Mama hakulalamika. Kila nikitoka shuleni aliniuliza, "Hicho kitu kimekuja?" Nikimwambia bado, anasema haya, anaendelea na chai yake.

Nilichagua cha diski mbili. Kilipofika nilianza kunakili siku ya Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Kosa lilikuwa hapo, maana alasiri ya Kakamega haina siri: mawingu hukusanyika, radi hulia, na katika nyumba tulizolelewa radi ya kwanza ina sheria yake. Plagi zote zichomolewe, kioo cha kujitazamia kifunikwe leso, mtu asisimame mlangoni. Mimi na mke wangu tulikuwa nje tukianua nguo. Niliporudi, taa za kisanduku zilikuwa zimezimika. Mama alikuwa amesimama ukutani, plagi mkononi, mkono wa pili ukipapasa kutafuta soketi nyingine.

"Radi imelia," akasema. "Unataka nyumba iungue?"

Nilimpandishia sauti. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba ameniua, kwamba hajui alichofanya. Alifuata ukuta kwa kiganja mpaka akakipata kiti, akaketi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nazitazama zile taa.

Mvua ilipopita nilichomeka tena. Diski ya zamani iligonga, ikagonga, ikanyamaza kabisa, na nikaomba Mungu kwa sauti mbele ya watoto. Kisha ikakubali. Nilianza upya kutoka sifuri, na safari hii sikubanduka hapo mpaka kazi ikaisha.

Jumapili baada ya ibada tulimketisha mama karibu na televisheni, amevaa kitenge chake kipya. Nikabonyeza. Baba akatokea, uso wake umejaa kioo kizima, anacheka na mtu asiyeonekana. Picha haikukwama. Nilifurahi kama mtoto, nikamgeukia mama.

"Unamwona vizuri, mama?"

"Namwona," akasema. "Amependeza. Ile suti nyeusi inamkaa."

Suti nyeusi ni ile tuliyomzika nayo. Siku ya kanisani baba alivaa koti la kahawia la kuazima, na ndilo lililokuwa pale mbele yetu, kila uzi wake unaonekana. Mke wangu aliinamisha kichwa. Niliona aibu, na niliogopa kumtazama mama, kama kwamba angeweza kunitazama pia. Mwishowe nilikaa sakafuni karibu na miguu yake nikamuuliza ni tangu lini.

"Inaweza kuwa wiki mbili," akasema. Mkono wake ulitafuta kichwa changu, ukakipata. "Ulikuwa unajitahidi na hicho kitu chako, mtoto wangu. Sikutaka kukuharakisha."