Gunia la Shemeji

Mashua ninayotaka kuisimulia niliichora mwenyewe, nikaiunda mwenyewe, nikaikataa mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi hapa Liuli ukiuliza ni ya nani, hata mtoto mdogo atakuonyesha nyumba ya shemeji yangu.

Kazi yangu ni kuunda mashua za tanga, na kinachonifanya niamke asubuhi ni kushindana nazo. Wengi kando ya ziwa letu hushindana kwa chombo kilekile walichovulia usipa, dagaa wetu wa ziwani, jana yake. Wanaosha magamba, wanaingia. Mimi huunda chombo cha mbio na hakifanyi kazi nyingine. Kwanza nachora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Kisha nachonga kimashua cha urefu wa mkono chenye umbo lilelile. Kimashua kipya na cha zamani navifunga kwenye ncha mbili za fimbo, katikati ya fimbo nafunga kamba, halafu navikokota nyuma ya mtumbwi. Kile kizito cha kwenda hubaki nyuma na kuipindisha fimbo. Ni mizani yangu, ila hii inapima uvivu.

Ile niliyoikataa ilikuwa na pua nyembamba na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, mrefu ulionyooka. Mbao zake nilizifuata Mbinga na kuzichagua moja moja, nikizigonga kwa kidole na kusikiliza, huku mwenye duka akiniuliza kama nanunua mbao au ngoma. Upepo ukiwa mdogo ilikwenda vizuri. Upepo wa mwera ulipoanza kusukuma kutoka kusini, ilichimba. Pua ilijitia kwenye mawimbi kama nguruwe anayetafuta mizizi, maji yakaingia, nami nikawa mkomba maji badala ya nahodha. Nilisogeza mlingoti. Nilipunguza tanga. Niliongeza ubao mbele. Haikusikia. Mwishowe niliivuta hadi mchangani nikaanza kuunda nyingine, pana kidogo mbele, na kuku wa mama wakapata mahali pa kutagia.

Dada yangu mdogo alikuwa ameolewa na mtu wa milimani. Kwao ni Kingerikiti, kwenye kahawa na mahindi, na alihamia huku akiwa hajawahi kuingia majini zaidi ya magoti. Ni mwembamba, mikono mirefu, na ana mdomo usiochoka. Sisi wa ziwani na wao wa milimani tunataniana tangu zamani, kwa hiyo siku ya kwanza nilimpokea inavyostahili.

"Shemeji, beseni la kuogea lipo uani. Usiliogope, halina kina."

"Nitaoga, shemeji," alijibu. "Harufu ya usipa nitaiondoa na nini?"

Nilimpenda siku hiyo. Nasema hivyo ili ijulikane nilianzia wapi.

Baadaye dada alikuja kuomba ile mashua ya kuku. Mumewe alitaka kubeba mahindi na unga kutoka huku kwenda Mbamba Bay. Nilisema waichukue, ila mayai wamwachie mama. Wala sikuwaza mara mbili. Kitu ukishampa shemeji hakirudi, hilo kila mtu analijua, lakini nani angetaka kirudi?

Aliipaka rangi ya kijani iliyobaki mlangoni kwake. Alijifunza tanga kwa kuuliza kila aliyepita, na kwa kugonga kila kilichosimama, pamoja na mtumbwi wangu mara mbili. Pwani nzima ilicheka, nami nilicheka kuliko wote. Kisha msimu mmoja ukapita, na kicheko kikapungua.

Nilikuwa majini najaribu mashua yangu mpya, mwera umeshachangamka, nilipoona tanga nyuma yangu. Lilikuwa limeshonwa kwa viroba vya unga na maandishi yake yalikuwa bado yanasomeka. Chini yake, kitu cha kijani. Kilinikaribia, kikawa sambamba nami, kikapita. Pua, ile pua niliyoipigia magoti kwa miezi, ilikuwa juu ya mawimbi, kavu.

Nilimkuta ufukweni anashusha mzigo. Niliangalia ndani ya chombo kabla ya kumwangalia yeye. Mbele hapakuwa na kitu. Magunia yote yalikuwa nyuma, nusu yake yakiegemea mahali anapokaa mwenye usukani.

"Mbona mzigo wote umeuweka nyuma?"

"Mbele kunalowa, shemeji. Unga ukilowa nani atanunua?"

Hakuwa na sababu nyingine. Angekuwa amefikiri, ningevumilia. Angekuwa ameiota, ningesema ni karama. Lakini alikuwa analinda unga.

Nilichukua vimashua vyangu viwili nikaenda nyuma ya mwamba mkubwa, ambako hakuna anayepita. Nilivikokota vitupu, kama nilivyofanya siku zote: kipya kikashinda. Kisha nikaweka jiwe la ukubwa wa yai la kanga sehemu ya nyuma ya kile cha zamani, cha ile mashua niliyoikataa. Fimbo ilipinda upande wa pili, ikabaki hivyo. Nikahamishia jiwe katika kile kipya, nikakuta kimekaa majini kama bata aliyeshiba. Nikarudia, nikabadilisha fimbo, nikabadilisha kamba, nikavuta polepole na haraka. Maisha yangu yote niliamini chombo cha mbio ni chepesi, kwa hiyo sikuwahi kupima kimoja kikiwa na uzito. Mashua ile ilikuwa imekamilika tangu mwanzo. Ilikuwa inangoja gunia.

Kuanzia hapo sikuweza kupita karibu nayo. Nilipita kwa kuzunguka hospitali, safari ndefu isiyo na maana, ili nisiione. Hata hivyo niliijua kila habari yake. Nilijua shemeji amebadilisha kamba ya usukani. Nilijua watoto wanamwita Kapteni. Mimi nimeshindana kabla hao watoto hawajazaliwa, na wananiita fundi.

Ndipo ikaja habari ya mashindano ya ng'ambo, upande wa Malawi. Pwani yetu ingepeleka mashua moja tu. Atakayeshinda kutoka Mbamba Bay hadi Liuli ndiye atakwenda. Safari hiyo niliitaka tangu nilipoanza kushika kalamu ya kuchorea. Huko hushindana watu ambao wanaangalia umbo la chombo kabla ya kuuliza nahodha ni nani. Nilitaka waangalie la chombo changu.

Jina la shemeji lilikuwa la mwisho kuandikishwa. Dada ndiye aliyeniletea habari, akisonga ugali, mgongo kwangu.

"Anashindana na mahindi?" niliuliza.

"Gunia moja la mchanga. Wamesema ni halali, kila mtu abebe anachotaka."

"Na maji je? Hata kuogelea hajui."

"Kaka," alisema, akageuka na mwiko mkononi, "unamwonea huruma au unaomba azame?"

Nilikula nikaondoka.

Siku yenyewe mwera uliamka mapema. Tulitoka Mbamba Bay na upepo mgongoni, nchi kavu upande wa kulia, na kwa muda mrefu nilikuwa mbele ya wote. Nilifanya kila kitu sawasawa. Ninaweza kukumbuka kila wimbi na nisione nilipokosea, na hilo ndilo linaloniuma. Wenzangu waliachwa mmoja mmoja. Kisha mwamba wa Liuli ulipoanza kuonekana, mawimbi yalikua, na nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua: mlio wa mkuku mrefu unaokata maji bila kuhangaika. Niliuchonga mimi. Sikuhitaji kugeuka.

Alipita karibu sana, ameketi amekumbatia usukani, gunia lake mgongoni kama mtu wa pili. Alikuwa na hofu, niliona jinsi alivyokaza taya. Lakini mdomo ni mdomo.

"Shemeji! Nikuletee nini kutoka ng'ambo?"

Ufukweni watu walikuwa wameacha vichanja vya kuanikia samaki. Mama yangu alikuwa amesimama mbali, kando ya mti, kama anavyofanya siku zote mkwe wake akiwepo, kanga imefunika uso. Kwa adabu ya ukwe, mama hajawahi kumtazama mkwe wake usoni. Siku hiyo aliishusha kanga hadi mabegani akapiga vigelegele, na nilivisikia kutoka majini, nikiwa wa pili.

Jumapili baada ya ibada walimsimamisha shemeji mbele. Mzungumzaji alisema ziwa halina mwenyewe, kwamba hata mtu wa milimani Mungu anaweza kumfanya nahodha. Watu walicheka na kupiga makofi. Hakuna aliyeuliza mashua imetoka wapi. Shemeji mwenyewe alifungua mdomo kama anayetaka kusema, akaangalia upande niliokaa, nami nikainama nikafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Alikuja nyumbani jioni hiyohiyo. Nilikuwa nararua michoro yangu, si kwa hasira, bali kwa utaratibu, ya zamani kwanza. Akaketi kwenye kigogo bila kukaribishwa.

"Kuna tatizo, shemeji. Kule ng'ambo hawataki mzigo wowote. Si mchanga, si jiwe. Wanataka chombo kitupu na watu wawili."

"Basi tafuta mtu."

"Nimeshampata. Ana uzito wa gunia, na tofauti na gunia anajua kuogelea."

Dada, aliyekuja naye, alicheka kutoka mlangoni. Mimi sikucheka. Nilimwambia awachukue wale watoto wanaomwita Kapteni, wajazane nyuma. Nilimwambia mengine pia. Alisikiliza yote, kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Mwera ukija kwa nguvu sijui cha kufanya, shemeji. Siku ile nilikuwa nashikilia tu. Chombo ndicho kilichojua."

Ningeweza kukataa. Nilijua vizuri kwamba bila uzito nyuma ingechimba mbele ya watu wote wa ng'ambo, na kila mtu angesema kisu kimerudi alani, wa milimani hana lake majini. Nilifurahia wazo hilo usiku kucha, kama mtu anayenyonya mua. Kulipopambazuka mua ulikuwa umekwisha utamu. Ingechimba mashua yangu. Watu wale wanaoangalia umbo kwanza wangeiangalia ikichimba.

Tulitoka kufanya mazoezi asubuhi, mama akiwa kando ya mti wake. Shemeji alishika usukani. Nami niliketi nyuma yake, pale pa gunia, magoti kifuani, mahali ambapo huoni mbele wala hushiki kitu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ndani ya mashua ile bila kopo la kukombea maji.

Mwera ulitushika tulipoupita mwamba. Alisema bila kugeuka, "Nyuma kidogo, shemeji."

Nilikuwa na neno la kumjibu. Nikalimeza, nikasogea. Pua ikanyanyuka. Niliuhisi mkuku ukilala sawa juu ya maji chini yangu, urefu wake wote, vilevile nilivyouchora, nikawa namwonea wivu mwenye usukani kuliko siku zote nilizoisikia ikipita.

"Hapo hapo," alisema. "Usitikisike."

Sikutikisika.