Hupmobile mbili za Kibosho, na kifuniko alichokifuata baba kwa kaka yake

Wakuu, salaam kwenu nyote. Leo naweka siasa pembeni.

Kuna uzi humu mnabishana ni magari gani ya zamani ya Kimarekani yaliwahi kufika nchi hii. Nimesoma comments zote, hakuna aliyetaja Hupmobile. Sisi tulikuwa nayo nyumbani. Ninayosimulia niliyaona mwenyewe, chumvi sitii. Picha sina, msinisumbue. Miaka ile hata sabuni tulipanga foleni, filamu ya kamera ungeitoa wapi?

Twende.

Baba yangu alikuwa dereva wa mlowezi wa kahawa huku Kibosho. Kaka yake, yaani baba mkubwa, alikuwa nyapara shamba hilohilo. Mashamba yalipotaifishwa, mzungu akafungasha virago.

Aliacha Hupmobile mbili za miaka ya thelathini, enzi zile uchumi wa Marekani umeanguka na kampuni za magari zinakufa moja baada ya nyingine. Hii nayo ilikufa. Gari zima akampa baba. Lile bovu, alilolinunua mwishoni kwa ajili ya spea na hakuwahi kulifungua, akamwachia baba mkubwa, ambaye hata kuendesha hakujua. Kuku wake wakapata pa kutagia.

Sasa ugomvi.

Kwa wasiojua, kwetu mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la urithi, hauwekwi waya. Unapandwa masale, mmea wa majani marefu membamba. Mwaka mmoja baba mkubwa akalazwa hospitali, na aliporudi alikuta masale yamehama. Migomba yake kadhaa ikawa yetu. Baba akashikilia kwamba masale yalikuwa palepale siku zote. Tangu hapo hawakusalimiana, na sisi watoto tukakatazwa kukatiza kwao. Ilikuwa inaudhi, maana njia ya mtoni ilipita huko.

Miaka ikaenda. Dada yangu akachumbiwa na kijana wa Rau. Wakwe wakasema wataleta Land Rover ya kumchukua. Baba akakataa katakata: binti yake atafika kanisani kwa gari la baba yake. Aliyasema hayo mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Wiki ya harusi, kifuniko cha distributa, kile kinachopitisha waya za moto kwenda kila silinda, kikapasuka.

Fundi mmoja wa Pasua alikiangalia akacheka. "Mzee, hiki hata Marekani kwenyewe hawana."

Spea iliyobaki ilikuwa moja, chini ya kuku wa baba mkubwa.

Hapo baba akafanya jambo ambalo Mchagga tu ndiye angelifikiria. Kwetu ukiletewa jani la sale lililofungwa fundo ukaombwa msamaha, hukatai. Hata kama umeumizwa vipi, unapokea. Kukataa ni kujitafutia balaa. Baba hakuwa na majuto yoyote, niwe mkweli. Nilimsikia jikoni akimwambia mama, "Akishapokea sale, kifuniko ataninyimaje?"

Mama akanipa kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, nimfuate.

Tulimkuta baba mkubwa uani na mkewe na jirani mmoja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Nimekuja na sale. Naomba unisamehe."

Baba mkubwa hakunyoosha mkono. "Nikusamehe nini?"

"Yaliyopita."

"Yaliyopita ni mengi, mdogo wangu. Taja."

"Ule mpaka."

"Mpaka umefanya nini?"

Baba akainamia viatu vyake. Nilimwonea huruma kweli, nikatamani nisingekuwepo.

"Nilihamisha masale ulipokuwa hospitali."

Baba mkubwa akalipokea sale. "Nimesamehe," akasema, na mbege ikamiminwa.

Baba alipotaja kifuniko, baba mkubwa alicheka mpaka akapaliwa. "Kumbe ndicho ulichofuata!" Lakini sale alishalipokea. Akafukuza kuku mwenyewe, akaibandua boneti iliyoshikwa na kutu kwa panga.

Wakuu, injini ilikuwa ya silinda sita. Yetu ilikuwa ya nane. Kwa nje magari yalifanana, lakini kifuniko kilikuwa kidogo na matundu ya waya hayatoshi.

Baba akakaa chini kwenye nyasi. Ameaibika, migomba imekwenda, kifuniko hakuna, na harusi ni keshokutwa.

Baba mkubwa akalifuta panga lake kwenye nyasi, kisha akauliza, "Kanisa liko juu au chini?"

"Chini."

"Sasa injini ya nini?"

Jumamosi vijana walisukuma gari mpaka barabarani. Baba kwenye usukani, gia free. Baba mkubwa pembeni yake amepakata jiwe la kuweka kwenye tairi breki zikigoma. Dada na mimi nyuma. Tulishuka mlima ule bila injini, na kilichosikika ni baba mkubwa tu: "Breki. Breki. Breki, we mtu!" Dada alisali rozari nzima kabla ya daraja.

Tukasimama mbele ya kanisa, sawasawa na mlango. Mzee mmoja wa Rau akamwambia mwenzake, "Gari la Kimarekani hilo, hata halisikiki." Baba akapokea sifa.

Lile gari halikupanda tena. Lilikaa parokiani mpaka wanunuzi wa vyuma chakavu wakalibeba.

Jioni baba na kaka yake walirudi nyumbani kwa miguu, mama akiwa nyuma yao. Alituambia njia nzima walibishana kama baba alichelewa kushika breki pale darajani. Jumatatu wakayang'oa masale, wakayarudisha yalikokuwa.

Funzo nililobaki nalo: usingoje moyo utakate ndipo ukaombe msamaha. Nenda hivyohivyo, hata kama umefuata spea.

Kwenu mlipatanaje, wakuu? Na mwenye habari za Hupmobile nyingine atiririke hapa chini. Mimi wa kumuuliza sina tena. Baba mkubwa alitangulia, na siku ya mazishi baba alilia kuliko watoto wa marehemu. Baada ya hapo kila jioni alikwenda kukaa uani kwa kaka yake, peke yake, mpaka naye akaondoka.